Bi Nikusomee

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza mama yetu, poleni, na asanteni. Mimi ni binti yake mkubwa. Kabla sijaanza niseme jambo moja: wasifu huu marehemu ameshausikia. Alitaka asomewe akiwa kitandani hospitalini, na aliusahihisha kwa penseli. Imebaki aya moja tu ambayo hakuisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa mpiga chapa na mkunga. Niliandika kwamba alikuwa mtoto mtulivu. Alicheka mpaka akakohoa. "Futa hiyo. Waulize wajomba zako nani alikuwa anawatwanga." Wajomba wapo hapa, nao wamekiri.

Shule ya msingi ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani kwao, na bado alikuwa anachelewa. Mwaka 1981 alihitimu stashahada ya ustawi wa jamii, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa kuwa afisa ustawi wa jamii katika ofisi ya manispaa, chumba namba sita, kando ya masjala. Alikaa humo miaka thelathini na sita.

Aya inayofuata mimi sikuitaka. Yeye ndiye aliyeitaka. Mwezi Agosti 1986 majirani wa mtaa mmoja walilalamika kwamba mama fulani, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, anamfungia chumbani mtoto wa miaka mitatu na kwenda zake. Marehemu alifika, akawasikiliza majirani uani, lakini hakumsubiri mwenye chumba. Ripoti aliiandika siku hiyohiyo, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri. Mtoto akapelekwa kituo cha kulelea watoto, akakaa huko miezi kumi na moja. Siku moja, akipanga droo yake, marehemu alikuta barua mbili za mama yule, akiomba nafasi ya chekechea kwa sababu zamu yake huanza alfajiri na hana wa kumwachia mtoto. Zilikuwa hazijafunguliwa. Ule aliouita uzembe wa mama ulikuwa ufukara wake, na uzembe ulikuwa wa ofisi.

Nilimwambia, "Mama, watu watakuja kukuaga, si kukuhukumu."

"Basi waniage mimi," akasema. "Usiwape mtu mwingine."

Alisimama mbele ya bodi ya kituo akasema ripoti ile ni yake na si ya kweli. Mtoto akarudishwa, naye akapewa barua ya onyo, ambayo aliitunza pamoja na cheti chake cha ndoa. Tangu hapo hakuandika neno juu ya mtu bila kumsomea. "Ngoja nikusomee. Kama si kweli, tunafuta." Ndiyo maana wengi wenu mlimwita Bi Nikusomee. Wala hakuishia kwenye karatasi. Alisema kumrudisha mtoto huku zamu ya mama yake ikibaki vilevile ni kumfungia tena, akawasumbua wakubwa zake miaka mitatu mpaka mtaa ule ukapata chekechea inayofunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Mpaka leo inafunguliwa saa hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1987 aliita fundi seremala asogeze meza yake ukutani, ili yeye na aliyekuja na shida wakae upande mmoja. Fundi akauliza, "Sasa bosi atakaa wapi?" Akajibiwa, "Hapa hakuna bosi, fundi. Sogeza." Fundi huyo ndiye baba yetu. Barua yake ya kwanza ya mapenzi alirudishiwa ili aje aisome mwenyewe, ana kwa ana. Baba anasema hata kupiga randa kutwa nzima hakujawahi kumtoa jasho vile. Walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1988.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Mei alinituma kwa mama yule wa kiwandani, kwa maana aya ile ilikuwa yake pia. Nilimkuta kibarazani, bibi mzee sasa. Alinisikiliza, akaniambia nirudie, kisha akasema:

"Umeandika nilimsamehe siku aliponirudishia mtoto. Futa, mwanangu. Siku ile mtoto hakunijua, alimlilia mlezi wake. Nilimsamehe mwaka uliofuata. Andika kwamba alikuwa anakuja anapiga hodi, nisipoitikia anaondoka, na wiki ijayo anarudi."

Nilimpelekea mama maneno hayo. Aligeukia ukutani, akalia. Kisha akasema, "Andika alivyosema." Nimeandika.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na ndugu wanne. Mama yule yupo nasi leo, amekaa na mwanawe safu ya pili.

Na hii ndiyo aya ambayo hakuisikia. Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tisa alasiri, wodi namba nne, baba akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Niliiandika peke yangu, na iliniuma kuandika habari zake bila yeye. Jana, kabla hatujamvisha, niliikunjua karatasi nikamsomea taratibu, mara mbili. Nikangoja aniambie nifute.

Sikufuta neno. Mama yetu alale kwa amani.