Ma Dorotea na Neno Moja Kwenye Lebo ya Sabuni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dorotea Mutalemwa, mkuu wa uzalishaji wa kiwanda chetu cha sabuni za mitishamba hapa Pasiansi, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita. Mimi niko mauzo kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo, na karibu yote tumevutana. Nimeombwa niandike mazuri yake. Nitaandika, ila hesabu zibaki kamili.

Alikuja kutoka Muleba na kifurushi cha mubirizi, majani machungu ambayo bibi yake aliwaogeshea watoto wenye upele. Wengine tungeridhika kwamba bibi kasema. Ma Dorotea alitaka kujua kwa nini majani hayo yakifikichwa majini yanatoa povu bila sabuni, kwa nini aliyoyaanika juani povu lake lilipungua, na kama kinachosafisha ni jani au ni kule kusugua tu. Hilo la jua hajapata jibu lake hadi leo, lakini ndilo lililotupatia chumba cha kukaushia kivulini.

Mtu wa kwanza kujaribiwa alikuwa yeye mwenyewe. Mkono wa kushoto aliuosha kwa sabuni ya mwarobaini, wa kulia kwa ya kivumbasi, mwezi mzima. Ukimpa shikamoo asubuhi, marahaba ilikuja pamoja na mikono miwili puani: "Nusa. Upi umekaa vizuri?" Hakuna aliyeingia ofisini bila kupiga kura. Kivumbasi kilishinda, na ndicho kinachonukia kwenye sabuni yetu ya kijani. Mshubiri uliongezwa baadaye, akina mama wanaouza dagaa walipolalamika kwamba shombo inatoka lakini ngozi inakauka.

Hakupatia kila mara. Kuna mwaka alizidisha mafuta ya mwarobaini. Nilivuka na katoni kumi na mbili kwenda Nansio, nikarudi na kumi na moja, na hiyo moja nilikuwa nimeigawa bure. Kwenye kivuko abiria waliomba mzigo wangu usogezwe mbali. Dereva wetu Ngosha akaniuliza bandarini kama nilikwenda kuuza au kutembeza katoni. Ma Dorotea alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapunguza mafuta.

Ila kinachoniuma ni kingine. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alitaka kuchukua mzigo wetu wote wa msimu, kwa sharti kwamba lebo iseme sabuni inatibu mapunye. Ma Dorotea akagoma. Kwamba inasafisha alikuwa ameona. Kwamba inatibu hakuwa ameona. Nikamwambia, mama, ni neno moja tu. "Sasa mwanangu, kama ni moja tu, si uliache?" Mzigo ukalala stoo, nami nikamnunia wiki nzima.

Muda si mrefu, Bernadeta wa kitengo cha kupakia alikuja na binti yake mdogo. Alikuwa amemwosha kwa sabuni yetu miezi mitatu, akiamini itamponya. Kichwa kilikuwa safi kabisa, na mapunye yako palepale, nywele zinanyonyoka. Ma Dorotea alimshika mtoto mkono wakaenda zahanati, akapewa vidonge, akapona. Tangu siku hiyo sikulitaja tena lile neno moja.

Mwezi huu mfanyabiashara yule amepiga simu tena. Amesikia mama anaondoka, na kwamba kuanzia Julai anayeidhinisha lebo ni mimi. Stoo imejaa, na anajua. Nimemwambia tunauza sabuni ya kusafishia, mapunye yaende zahanati. Akakata simu. Imeniuma, sifichi.

Ma Dorotea, asante kwa maswali yako, hata yale yaliyotuchelewesha. Nenda Muleba ukapumzike na mubirizi wako. Tunakuombea afya njema na siku tulivu. Ukipata jibu la lile povu, tupigie. Na ukipita Pasiansi, chukua kipande chochote cha sabuni usome lebo. Utaikuta ulivyoiacha.