Siku Tuliyokaguliwa Viganja

Fungeni mlango, wanangu, msogee karibu, maana haya nitayasema mara moja tu na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kurudia. Mambo ya nyumba na bucha yatafuata, asinikatize mtu.

Mnajua nimechinja ng'ombe miaka thelathini. Msichojua ni kwamba nilizaliwa na viganja vinavyovuja, kama vya huyu dada yenu kitinda mimba, jasho la kutiririka hadi viwikoni hata asubuhi ya baridi, na baba yenu mdogo, huyo mnayemwita Muuaji na kumsukumia sahani mlangoni kwake kule uani, alizaliwa nalo vilevile. Machinjioni waliniita Bomba. Siku moja kisu kiliniteleza nikipasua paja, kikaondoka na hivi vidole viwili, na nyapara, badala ya kunifunga kitambaa, akanitandika mgongoni kwa mpini wa shoka kwa sababu damu yangu ilikuwa imechafua nyama.

Marehemu mama yenu ndiye aliyenipeleka kwa tabibu wa Kichina nyuma ya soko, mzee mkimya mwenye kabati la droo ndogondogo hadi darini. Alinipima mapigo kwa vidole vitatu, akanitazama ulimi, kisha akanifungia katika karatasi mizizi yenye rangi ya njano iliyokatwa vipande vyembamba, magamba ya chaza yaliyochomwa, na ngano nyepesi, ile inayoelea ukiiosha. Akasema, "Magamba yachemke peke yake nusu saa, ndipo utie vingine. Kunywa asubuhi na jioni, na uwe na subira." Mwezi wa tatu viganja vikakauka, nikalia kama mtoto. Ndugu yangu, huyo baba yenu mdogo, tuliyekuwa tukichinja pamoja, akaniomba nimchemshie naye, nikamwambia dawa hii ni ya mtu mmoja. Nilimdanganya. Nilitaka niwe mkavu peke yangu.

Halafu ikaja ile asubuhi. Ndugu yangu aliponyokwa na pande la nyama, nyapara akamkamata shingo, akamzamisha uso katika beseni la damu mbele yetu sote, akamshikilia hadi miguu ikawa inapigapiga sakafu, kisha akamwachia na kwenda zake chumba cha baridi akicheka. Nikamfuata. Nilichukua chuma cha kuning'inizia nyama nikampiga kisogoni, akageuka, nikampiga usoni, akaanguka, nikaendelea kumpiga pale chini hata baada ya kuacha kusogea, mpaka mkono ukachoka. Nikanawa, nikavaa aproni nyingine, nikarudi mezani kwangu.

Mimi, wanangu. Si yeye.

Mwenye machinjio alitupanga ukutani, akapita akitushika viganja mmoja mmoja. "Aliyefanya hivi bado anaogopa," akasema, "mikono yake itamtaja." Vyangu vilikuwa vikavu kama karatasi. Vya ndugu yangu vilichuruzika hadi sakafuni. Watu wake walimpiga kwa mpira wa maji, wakampiga kwa nondo, wakamvunja goti, sikio la kushoto likatoka damu na halijasikia tena mpaka leo. Kisha wakanipa mimi nondo, waone niko upande gani. Nikampiga mbavuni, mara mbili, na mara ya pili nilisikia mfupa ukikatika. Akaitazama mikono yangu, akaelewa, akafumba macho.

Akafungwa yeye. Gerezani nilikwenda kumwona mara moja tu. Akaniambia, "Wewe una watoto, mimi sina. Nenda nyumbani." Nikaenda. Miaka kumi na mmoja, na hata alipotoka, mlipokuwa mnamwita jina lile nikiwa nimekaa palepale, niliendelea kula.

Sasa basi. Nyumba hii ni yake, yote, na atakayekaa humu akae kwa ruhusa yake. Bucha mgawane sawa. Chini ya mto huu kuna karatasi yenye haya yote, niliyoitia sahihi mbele ya wakili. Mpelekeeni hakimu kesho, msingoje kunizika. Wewe kitinda mimba, nenda hospitali kwanza wakupime, kisha kwa binti wa yule tabibu, ndiye mwenye duka siku hizi, umweleze yote na usibuni dawa mwenyewe. Ikikufaa, mwenzako akikuomba, mpe. Na mtu akikushika mkono akasema jasho lako ni ushahidi, mtazame usoni umwambie baba yako alikuwa mkavu.

Nipeni maji... Basi, yanatosha.

Wewe mkubwa, uliyemsukuma baba yako mdogo kwenye ngazi mwaka jana akavunjika jino, wewe ndiye utakayemwita. Usimwambie nakufa. Mwambie nimeyasema. Akiingia, mpeni kiti hiki, na akinitukana msimzuie, akinipiga... msimshike.

Mungu awape mioyo... awape mioyo bora kuliko niliokuwa nao. Awaweke pamoja. Nenda, mwanangu, mbona umesimama.

Nasikia mguu wake. Mpisheni.