Keria ya Kumbeba Mke

Hata huku ugenini, basi halina siri. Bibi Mutesi alikuwa ameketi nyuma ya abiria wawili waliozungumza Kiswahili, akijifanya anatazama dirishani. Mbele yake Callixte, mtu wa Uvira, alipakata keria ya baiskeli iliyovunjika. Aliyeketi kando ya Callixte, Imaculata, Mtanzania anayetengeneza baiskeli dukani, aliichukua akaigeuzageuza.

“Kaka, ulibeba nini hapa?”

“Mke wangu.”

Bibi Mutesi hakushangaa. Naye alipelekwa kuolewa juu ya keria.

“Mke! Hii ni ya kuning’iniza mikoba miwili ubavuni. Kilo ishirini na tano, imeandikwa.”

“Kwetu keria inabeba gunia la mihogo, na mama mkwe juu yake.”

“Huko wanachomelea nondo, hii ni aluminiamu. Aliumia?”

“Mkono. Dada yangu, damu yake inasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Basi linatuacha maili mbili kabla ya kliniki, naye hawezi kutembea. Gari la kanisa ni la Jumapili tu. Nichagulie keria ngumu.”

“Ngumu kabisa ni ya kilo sitini. Ana kilo ngapi?”

“Alikuwa na themanini. Sasa hamsini na nne.”

Imaculata akamrudishia keria yake. “Sikufungii. Hiyo sitini ni ya mzigo uliotulia, si ya mtu. Akianguka akafa, mkono uliokaza skrubu ni wangu.”

“Na asipofika kliniki?”

Basi likasimama. Callixte akashuka kuteremsha baiskeli yake kutoka kwenye kibebeo kilichofungwa mbele ya basi. Imaculata, ambaye ndiye aliyevuta kamba ya kengele ili ashuke hapo, akabaki ameketi.