Mama Perpétue Bulonza na Vyuma Vilivyopoteza Rangi

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Perpétue Bulonza, mhandisi wetu wa vyuma, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana hii ya Keshero. Wenzangu wamenikabidhi mimi, karani wa mapokezi, heshima ya kuandika wasifu wake. Sijui walifikiri nini, kwa sababu mpaka leo akieleza kazi yake kichwa changu kinazunguka.

Mama Perpétue ni mzaliwa wa Bukavu. Alisomea uhandisi Lubumbashi, akaja Goma kwa mkataba wa miezi sita ambao, kama mnavyoona, ulikuwa mrefu kidogo. Kazi yake ni kuamua chuma kipi kiende wapi. Vyuma vyake ni vya nguvu ya juu: vimetiwa niobiamu kidogo tu, kama chumvi kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na hiyo chembe inatosha kufanya boriti nyembamba ibebe mzigo wa boriti nene. Hapo nilielewa, nikafurahi. Kisha akaongeza kwamba boriti hiyo nyembamba haivunjiki, lakini inanesa zaidi chini ya miguu. Nikapotea tena.

Kuna chuma cha fremu za malori, kinachokubali kukunjwa kikiwa baridi bila kupasuka. Kuna cha madaraja, kinachochomelewa vizuri na kuvumilia mitikisiko. Na kuna kile kinachoachwa kiote kutu makusudi, kutu hiyo ikawa koti lake, ila kikikaa mahali pasipokauka kinaliwa mpaka ndani. Niliwahi kumuuliza kipi bora. Alicheka, akataka kujua bora kwa kazi gani. Mkurugenzi naye hujibiwa hivyo hivyo.

Kwa macho vyote ni chuma tu. Ndiyo maana kila kipande kilipakwa rangi nchani, na rangi alizichagua kutoka kwenye vikwembe vyake, vile vitenge anavyovaa kazini: kijani kwa malori, manjano kwa madaraja, zambarau kwa kile cha kutu. Vikwembe vya Mama tulivijua kuliko vyuma.

Mwezi Mei, Papa Damien, mkuu wa wapaka rangi, aliamua kwamba hatuwezi kumuaga Mama kwenye uwanja uliojaa vumbi la lava. Mnatujua watu wa Goma, sherehe bila rangi mpya si sherehe. Alipaka ukuta, akapaka lango na mawe ya njiani, na rangi ilipobaki akapaka vyuma vyote, mwanzo hadi mwisho, kijivu kimoja kinachong'aa. Tulimpongeza, wengine wakapiga picha.

Mama alipofika alipita kati ya vyuma akitafuta ncha zenye rangi zake, asizione. Boriti za daraja la waenda kwa miguu la mji wa Kiwanja, ambalo wanafunzi watalivukia, zilikuwa humo humo zikingoja sahihi yake. Daraja hilo alitaka liwe kazi yake ya mwisho. Damien alijitetea: «Mama, tulitaka tu vyote ving'are juu ya fête yako.» Mama hakufoka. Alimjibu: «Papa Damien, chuma yenye hatujue haibebe mutu.» Akarudisha kalamu kwenye mkoba, na lori la Kiwanja likaondoka tupu.

Tukaanza kukwangua rangi, sote, hata mimi. Palipotokea namba ya kiwandani tulishangilia. Pasipo namba, Mama alikata kipande, akakikunja kwa mashine, akakivuta mpaka kikatike. Boriti zilitambulika zote isipokuwa moja, ambayo majibu ya vipimo vyake hayakulingana na chuma cha manjano, cha kijani wala cha zambarau. Mkurugenzi alimbembeleza: boriti ni nzuri, watoto wanangoja, na siku zake za kazi zinakwisha. Mama alikataa. Boriti nyingine imeagizwa, itafika akiwa ameshaondoka, na sahihi ya daraja lile itakuwa ya mtu mwingine. Iliniuma, na najua yeye ilimuuma zaidi.

Ile boriti isiyojulikana tumeikata, tukaifanya lango la nyumba yake, kwa sababu lango halibebi mtu. Kabla ya kulipaka, Damien alikwenda kwanza kumuuliza rangi.

Mama Perpétue, asante kwa kila daraja tunalovuka bila kuwaza. Ufurahie mapumziko yako nyuma ya lango lako, ila usilifunge sana. Tutakuja kupiga hodi, maana mimi habari ya kunesa bado sijaielewa.