Mama Theluji na Nguzo Iliyopanda Mlima

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Theluji na Mito, ambaye sote tunamwita Mama Theluji, anastaafu leo, tarehe 28 Februari, saa sita kamili mchana. Uongozi umeniomba niandike wasifu mfupi, wa heshima na usiomgusa mtu. Ufupi nitajitahidi.

Alijiunga nasi akiwa msichana mwenye shahada mpya, buti za kuazima na sauti isiyohitaji simu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupanda mlima na kusoma kina cha theluji kwenye nguzo ya chuma yenye mistari myekundu na myeupe. Mwongozo wa kazi ulisema wazi kuwa nguzo lazima isimame ndani ya theluji. Kwa hiyo theluji iliporudi nyuma na kuiacha nguzo juu ya mawe matupu, mtumishi wetu mtiifu aliing'oa, akaipandisha hadi theluji ilipo. Mwaka uliofuata akaipandisha tena. Hivyo ndivyo ofisi ilivyopata fahari yake kubwa: mlima ulikuwa ukivuliwa nguo mchana kweupe, lakini taarifa zetu zilionyesha kina kilekile kila mwaka. Mchoro wenyewe, mstari ulionyooka kama rula, bado umetundikwa mapokezi, na wageni huombwa wapige nao picha.

Siku moja alishuka akiwa hoi, maana nguzo ilikuwa imefika mahali ambapo hata mbuzi angeomba kamba. Akaingia moja kwa moja kikaoni na matope yake, akauliza: “Jamani, hivi hii theluji tunaipima au tunaifukuza?” Kumbukumbu za kikao zinaeleza kwa kirefu jinsi zulia lilivyochafuka.

Tangu hapo akawa mzigo kwetu. Kwanza alikiri mbele ya watu wote kuwa amekosea kwa miaka mingi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika jengo hili na lililosababisha baadhi ya wakubwa kutoka nje kuvuta hewa. Kisha akairudisha nguzo pale ilipoanzia, ikakosa cha kupima. Kisha akaanza kutulinganishia joto, theluji na mto, na kumfafanulia kila aliyepita kwenye korido, wafagiaji na wakurugenzi sawia. Theluji ni ghala la maji, alisema. Joto likipanda, ghala linafunguka kabla ya msimu. Mto unajaa wakati hakuna mwenye shida nao, halafu kiangazi kikifika unabakiwa na mawe na vyura. Na ghala lenyewe linapungua, maana bandu bandu huisha gogo.

Uongozi uliitafakari hoja hiyo kwa uzito wake, ukaagiza kipimajoto kipelekwe kwa fundi kwa sababu kinaharibu mchoro. Kilirudi kikiwa kizima. Kikapelekwa kwa fundi mwingine.

Hapa lazima niseme habari za bwawa, ambalo ndilo linalonywesha mji huu. Mageti yake hufungwa kila tarehe mosi Aprili, kwa kanuni iliyoandikwa wakati wakurugenzi wetu wa leo wakibebwa mgongoni. Siku hizi ikifika Aprili maji mengi yameshapita zamani, yanakwenda zake, na sisi tunafunga mageti kwa nidhamu ya hali ya juu. Kiangazi cha mwaka juzi mabomba yalitoa upepo. Mama Theluji, mumewe na mama mkwe wake walikuwa wakigawana ndoo moja kwa siku. Jioni moja yule bibi, ambaye ni mgonjwa na hana tabia ya kulalamika, alimwuliza kwa upole: “Mwanangu, si wewe ndiye unayepima mto? Sasa maji yamekwenda wapi?” Mama Theluji alitusimulia hayo akicheka, na katikati ya kicheko akalia, pale pale kwenye meza ya chai. Nilimpenda sana siku ile, na naandika hivyo hapa kwa kuwa ana kwa ana angenitania hadi nihame ofisi.

Tangu kiangazi hicho amekuwa akiomba mageti yafungwe mapema. Mwaka jana alijibiwa kuwa ombi limepokelewa. Mwaka huu joto limewahi zaidi na mto umeanza kuvimba mapema mwezi huu. Alipoulizwa angependa zawadi gani ya kuagwa, alisema hataki blanketi wala ngao. Anataka mageti yafungwe sasa. Uongozi, kwa moyo wake wa kujali, uliliweka ombi hilo kwenye kikao cha Mei, ukanunua blanketi.

Leo asubuhi msimamizi wa mageti, ambaye humwita Mama Theluji dada, amepiga simu kutujulisha kuwa mageti yamefungwa tangu alfajiri kwa amri ya Mkuu wa Kitengo. Wakubwa wamepigwa na butwaa. Barua ya kumtaka ajieleze inachapwa, ila inahitaji sahihi tatu, na kwa kasi yetu itakuwa tayari alasiri, wakati mhusika hatakuwa tena mtumishi wetu. Ipo pia kanuni kwamba mageti yakishafungwa hayafunguliwi bila uamuzi wa kikao. Kikao, kama nilivyosema, ni Mei.

Dada yetu, asante kwa kutusumbua. Pumzika, lala hadi jua likuchome, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha pamoja na familia yako. Tulikotoka na wewe ni mbali, na tutakukumbuka kila tukifungua bomba. Sherehe ni saa saba, ukumbini. Bwawa, nimeambiwa sasa hivi, limefika nusu na bado linapanda.