Mzinga Mmoja, Farasi Sita

Jumatano ile, kwenye benchi la nje ya soko la wanawake hapa Ibra, Oman, tulikuwepo watu watano: Bi Shukriya muuza ubani, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, Bi Hamda, tunayemwita Mama Dele, maana hakuna mwengine anayeruhusiwa kushika dele la kahawa, wifi yangu Israa, mimi, na mwanangu Osama, amelala pajani pangu. Israa alikuwa na karatasi mkononi na macho mekundu. Anasoma chuo Nizwa, na Jumapili alitakiwa aeleze mbele ya darasa jinsi vikosi vya mizinga vya watu wa kujitolea vilivyopangwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mara ya kwanza alisimama, sauti ikakwama, akarudi kukaa. Mwalimu kampa nafasi moja tu nyengine.

— Haya wifi, tusomee, nikamwambia.

Akasoma kwa sauti ambayo isingemshtua hata nzi.

— Mizinga mie naijua, akadakia Redio. Watu wawili wanatosha. Mmoja anatia baruti, mmoja anaziba masikio.

— Wawili! akasema Mama Dele, akimmiminia. Mzinga ni birika?

— Basi watatu. Wa tatu wa kuwaomba radhi majirani.

— La, khala, akasema Israa kwa sauti ndogo, akimwita mama mdogo kwa Kiarabu. Mzinga mmoja watu kama wanane. Huyu anasafisha mtutu, huyu anashindilia, huyu analeta kombora…

— Na mkubwa wao ni yule mwenye mzinga, kautoa kwao, akasema Redio.

— Hapana! Kikosi kina mizinga minne au sita. Kapteni mmoja, chini yake maluteni, halafu kila mzinga una sajini wake na koplo wa kulenga.

— Kapteni anapatikana kwa biriani. Mwenye biriani tamu ndiye kapteni.

— Khala Shukriya! Wengine walipigiwa kura na wenzao, wengine waliteuliwa na gavana wa jimbo. Biriani imetoka wapi?

Sauti yake ilishamfikia muuza shela wa upande wa pili. Redio akanikonyeza juu ya kikombe. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mumewe alikuwa jeshini miaka ishirini na tano.

— Haya, tuunde kikosi chetu, akasema. Kapteni mie.

— Mie nafyatua, nikasema.

— Mie nalenga, akasema Mama Dele, akaelekeza mdomo wa dele barabarani.

Mwanamke mmoja alikuwa ametua mzigo wake karibu yetu. Jina lake Asya, mzaliwa wa Kigoma, mumewe anauza mbuzi soko la Sinaw.

— Shikamooni mama zangu. Samahani, huo mzinga unavutwa na nini?

— Farasi sita, akajibu Israa.

— Sasa nyote mna kazi. Mzinga ukilia, farasi wanashikwa na nani? Mimi mbuzi watatu tu wakisikia honi, nachanika mikono.

Redio akanitazama. Safari hii hakukonyeza.

Israa akasimama. Karatasi akaiacha benchini.

— Waendeshaji, akasema. Watatu kwa kila mzinga, kila mmoja na farasi wake wawili. Nao wamejitolea vilevile. Wenzao wanapiga, wao wameshika hatamu, risasi zinawapitia na wao hawapigi hata moja. Bila ya wao mzinga haufiki wala haurudi. Kuna mhunzi wa viatu vya farasi, kuna fundi wa hatamu, kuna wapiga tarumbeta wawili. Mizinga sita tu, watu zaidi ya mia, na farasi zaidi ya mia!

Muuza shela akapiga kigelegele bila ya kujua sababu. Sote tukafuatia. Osama akaamka analia, nami nalia naye, nacheka.

Mama Dele akachungulia ndani ya dele.

— Imekwisha.

Tangu asubuhi alikuwa amesimama akitumiminia, mwenyewe hajaonja. Israa akamkalisha mahali pake, akampa kikombe chake, alichokuwa hajakigusa.

— Kunywa, mshika farasi wetu.

Jumapili Israa alizungumza darasani dakika kumi na saba. Karatasi aliyoiacha benchini, Redio alikuwa ameshaifungia ubani.