Nani Ataupokea Ufunguo

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea kabla sijataja nyumba lilikuwa hili: Mbaé alimimina kahawa, Kapteni akalalamika kuwa ni nyepesi, akainywa, akaomba nyingine. Hivyo ndivyo tulivyoanza kila alasiri baada ya swala, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa Mbaé, mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga. Ulikuwa mwaka wa tatu wa uhuru, na bendera ya posta ilikuwa bado haijapauka. Mbaé ndiye mwenye dele na mwenye benchi. Kapteni, jina lake Assoumani, alifanya kazi kwenye matishari ya bandarini na hakuwahi kushika usukani wa chombo chochote. Sheria ni Boinali, aliyekuwa mkalimani wa mahakama enzi za Wafaransa. Alitafsiri hukumu nyingi mno, mwishowe akaanza kutoa zake. Mimi waliniita Lisansi, yaani shahada kwa Kifaransa, kwa kuwa nilisoma chuo kikuu Ufaransa na nafundisha jiografia. Tulizungumza Kikomoro, tukakikatiza kwa Kimalagasi na Kifaransa. Hapa nimeyaweka maneno yetu katika Kiswahili.

— Nanunua nyumba, nikasema. Andranolava, kule juu mtoni.

Kapteni akatua kikombe.

— Ya kupangisha?

— Ya kukaa.

— Ukae na nani?

— Peke yangu.

— Mbaé, mpe huyu kahawa nzito. Hii nyepesi imempanda kichwani.

Sikumlaumu. Kwetu mwanamume hanunui nyumba ya kukaa. Binti hujengewa nyumba na baba yake na kaka zake, na siku ya harusi mume huingia na sanduku lake. Mimi niliingia hivyo kwa mke wangu, Moinaecha. Mbao za nyumba yake kaka zake walizipasua Nosy Be, walikozaliwa wote, wakazipakia melini hadi hapa, na mlango waliutengeneza kwa urefu wangu kabla hawajaniona, kwa kuuliza watu tu. Moinaecha alifariki kabla ya Ramadhani. Nyumba ikarudi kwao, maana yake kwa dada yake Rabiata, ambaye jiko lake linatazamana na letu. Binti wa Rabiata, Sitti, ameposwa, na harusi inangoja nyumba. Hakuna aliyenitamkia hilo. Kila jioni Rabiata aliendelea kuniletea sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Niliona ni heri niondoke mapema, asije akalazimika kuninyamazia zaidi ya hapo.

Benchini sikueleza hayo. Nilisema tu kwamba nimependa utulivu wa kule.

— Utulivu! akasema Kapteni. Unaujua mto wa Betsiboka wewe?

— Naufundisha.

— Kuufundisha siyo kuujua. Ule mto hauna adabu. Mwaka huu nyumba iko ukingoni, mwakani ukingo uko sebuleni. Nilimwona mtu mmoja Marovoay kalala ng'ambo hii kaamka ng'ambo ile, na kitanda chake, na mbu wake walewale.

— Kapteni, wewe Marovoay ulifika lini?

— Nilisema nilimwona. Sikusema nilifika.

Sheria alikohoa. Akikohoa, benchi lote hunyamaza, kama mahakamani.

— Tuache porojo, tuangalie haki. Yale maji ni mekundu kwa sababu gani? Udongo. Udongo unatoka wapi? Milimani, katikati ya nchi. Nchi sasa ni ya nani? Ni ya Jamhuri. Basi, mto ukifurika ukakuachia tope uani, Lisansi, umeshika ardhi ya serikali bila kibali.

— Nitaifagia irudi mtoni.

— Ukiifagia umeiharibu. Hapo kosa la pili.

— Na ikinikaukia miguuni?

— Usitoke nje ya wilaya.

Mbaé alicheka hadi dele likatikisika. Kisha akakunja uso, kwani na yeye alikuwa na lake.

— Mimi naogopa huo utulivu wenyewe. Sikio ni kama sufuria. Lisipopikiwa, linaota kutu. Huku una watu wa riksha wanagombana, una muadhini, una huyu Kapteni. Kule utakaa juma zima husikii kitu, mwishowe utaanza kusikia nywele zako zinaota.

— Nywele gani? akauliza Kapteni, akinitazama kichwani.

— Zilizobaki.

— Mbaé, hayo madogo, akasema Sheria. Kuna mamba. Na mamba wa kule ni watu wa zamani, wafalme wa Wasakalava. Kule mamba huwezi kumfukuza, sharti umsalimie kwanza. Sasa huyu mwenzetu atawasalimia kwa lugha gani? Kifaransa? Watamla kwa sababu ya Kifaransa. Mamba wote wa Betsiboka walipigia kura uhuru.

— Na walihesabiwa, akasema Kapteni. Ndiyo maana tulishinda.

Nilicheka. Nilijisikia nikicheka, nikashangaa kidogo, kama mtu aliyeingia chumba alichokuwa amekifunga. Kapteni aliona. Na kwa kuwa aliona, alitaka kunichekesha tena.

— Semeni kweli, jamani. Huyu ana bibi kule. Hakuna cha mto wala utulivu. Kaona kibibi cha mtoni kinatwanga mpunga...

Mbaé alikuwa ameinamia vikombe, anakisuuza kilichokuwa safi.

— Nisamehe, Lisansi, akasema Kapteni.

— Hapana cha kusamehe. Angekuwapo, angecheka yeye wa kwanza.

Na ni kweli. Moinaecha alimpenda Kapteni kwa uongo wake. Alikuwa akiniuliza kila jioni amesema nini leo, nami nikimsimulia, aliuboresha.

Wakati huo akatokea mtu nisiyemtarajia benchini: Zoubeiri, yule wa Andranolava, kaka wa mwenye nyumba niliyokuwa nikiinunua. Alikuwa amevaa kofia safi, na miguu yake ilikuwa myekundu kwa tope hadi magotini. Kapteni akaitazama ile miguu, akamgeukia Sheria.

— Mkamate.

Zoubeiri hakuelewa, akatabasamu kwa heshima. Tukampa nafasi, Mbaé akammiminia kahawa. Alikuwa wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa zikifanya biashara pwani hii tangu zamani, na alizungumza taratibu ili tumwelewe.

— Mwalimu, dada yangu Fatoumia anakusalimu. Yuko tayari. Anasema kesho maji yakijaa mashua ya injini inapanda mto, uje nayo. Amenituma na swali moja tu.

— Karibu.

— Ile nyumba mama alimpa yeye. Mama alipewa na mama yake. Ufunguo haujawahi kuwekwa mezani wala kupitia mkono wa mwanamume. Anautoa mwanamke, anaupokea mwanamke. Basi anauliza: kesho ampe nani?

Nilikuwa nimefikiria paa, mafuriko, barabara ya kiangazi, kisima, njia ya kurudi shuleni. Hilo sikulifikiria. Niliishi kwa desturi hiyohiyo maisha yangu yote ya ndoa, nikaenda kununua nyumba kama mtu asiyeijua.

— Apokee Sheria, akasema Kapteni kwa sauti ndogo. Ana ushungi wa mahakama.

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

— Kisheria, Sheria akaanza. Kisheria...



— Na akikosekana mwanamke wa kuupokea? Mbaé alimwuliza Zoubeiri.

— Dada hajakataa. Hakusema akikosekana itakuwaje. Ameuliza tu.

Mbaé aliinua dele, akaliinamisha. Likatoa tone, kisha tone, basi. Zoubeiri alishukuru, akaenda kulala kwa jamaa zake karibu na bandari. Kwa kawaida kahawa ikiisha Kapteni huwa wa kwanza kuondoka. Jioni ile alikaa.

— Lisansi, akasema, nafasi yako hapa hatakaa mtu. Nitaweka mguu.

— Mguu gani? akasema Sheria. Tutaweka kofia. Mguu wako unanuka.

Walinisindikiza wote watatu hadi mlangoni kwangu. Hawakuwa wamewahi kufanya hivyo, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Tulitembea polepole tukizungumzia bei ya samaki. Mpaka leo nikiulizwa rafiki ni nini, nawakumbuka wazee watatu wasiojua la kufanya, wakatembea nami.

Asubuhi yake nilioga, nikavaa kanzu, nikatoka nje na kuufunga mlango nyuma yangu. Nikavuka ua. Miaka yote nilikuwa nikiingia jikoni kwa Rabiata bila kubisha. Safari hii nilisimama nje, nikapiga hodi.

— Shemeji? Kuna nini? Mbona hodi?

Nikamwambia yote: nyumba ya mtoni, harusi ya Sitti, na swali la Fatoumia. Nikamwambia, namshukuru kwa kila sahani. Rabiata alinisikiliza akiwa na mwiko mkononi, macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa kiganja.

— Kwa hiyo ulidhani nataka uende.

— Nilidhani huwezi kuniambia.

— Nisingeweza. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na kaka zetu wa Nosy Be, kwamba Sitti angoje.

Wali ulianza kuungua, akautoa motoni.

— Nakuomba uupokee ufunguo, nikasema. Nyumba iwe yako, kisha ya Sitti na watoto wake. Mimi nikae tu.

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga buibui, mkononi ana kikapu, na begani ameweka kanga ya njano ya Moinaecha, ile ya kutokea siku za furaha.

— Nitaupokea kwa jina lake, akasema. Watu wa kule wakikuuliza wewe ni nani, waambie mume wa Moinaecha, uko nyumbani kwa mkeo. Haya, beba kikapu, maji yanajaa.

Nikabeba kikapu.